Chombo kidogo cha habari? Anzeni na domeini, kompyuta zitasubiri

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye redio ndogo, studio za video na magazeti ya mtandaoni hapa Dodoma wananipigia na swali lilelile: "Fundi, kompyuta mpya tutapata kwa bei gani?" Nami nawauliza: domeini yenu, yaani jina la tovuti yenu mtandaoni, imesajiliwa kwa jina la nani?

Mara nyingi hakuna anayejua. Aliisajili kijana aliyetengeneza tovuti, kwa barua pepe yake binafsi, na sasa yuko Mwanza, namba haipatikani. Anayeshika domeini anashika tovuti na barua pepe zote za ofisi. Asipolipia, vyote vinazimika pamoja. Tafuteni jina lenu kwenye whois, daftari la wazi la usajili wa majina yanayoishia na .tz, muone lipo kwa msajili yupi, kisha ombeni umiliki uhamie kwa kampuni. Andaeni barua yenye mhuri na cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA. Kazi hii haina gharama kubwa, ila inataka ufuatiliaji.

Sasa barua pepe, na hapa nitakaa, maana ndipo hela zinapopotelea.

Sote tumeshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii." Maofisini ujanja ni huohuo, umevaa tai tu. Msimu mmoja wa Bunge la Bajeti, matangazo yakiwa yamepamba moto, mhasibu wa mteja alipokea ankara iliyoonekana imetoka idara ya matangazo ya ofisi niliyokuwa naihudumia. Nembo ileile, kiasi kilekile, kilichobadilika ni namba ya akaunti ya benki, na maelezo kwamba "akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi." Bahati nzuri dada yule alipiga simu kabla ya kulipa. Nilipofungua vichwa vya ile barua, yaani maelezo yaliyofichika ya njia iliyopitia, seva iliyoituma haikuwa yetu. Mtu alikuwa ameandika tu anwani yetu kwenye sehemu ya mtumaji, jambo ambalo mfumo wa barua pepe wenyewe hauzuii.

Kinachozuia ni rekodi tatu mnazoweka kwenye DNS, daftari la mtandao linaloonyesha domeini inatumia seva zipi. SPF inataja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lenu. Ofisi inayotumia huduma ya Google pekee inaandika hivi:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

DKIM inatia sahihi ya kidijitali kwenye kila barua inayotoka. DMARC inahakiki kwamba domeini anayoiona msomaji inalingana na iliyopita kwenye SPF au DKIM, inaelekeza barua iliyofeli ifanywe nini, na inawaletea ripoti.

Balaa ninalolikuta kila mara: ofisi ikianza kutumia huduma ya kusambaza jarida kwa wasomaji, mtu anaongeza mstari wa pili wa SPF chini ya ule wa kwanza. Domeini inatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, ukaguzi unafeli. Unganisheni ziwe moja, na sehemu zake zinazolazimu kuulizia DNS, kama ile include, zisizidi 10.

DMARC ianze na p=none, yaani barua iliyofeli isifanywe lolote. Someni ripoti kwa wiki kadhaa mpaka mjue kila kinachotuma kwa jina lenu (mara nyingi hata fomu ya maoni ya tovuti imo), ndipo mhamie quarantine (iende kwenye spam), hatimaye reject (ikataliwe kabisa). Wengi wanaishia none na kulala usingizi, wakati none haizuii kitu. Na jarida likikua, kumbukeni kwamba tangu Februari 2024 Google inadai rekodi zote tatu kwa anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda akaunti za Gmail.

Tapeli akisajili domeini inayofanana na yenu, herufi moja tu tofauti, rekodi hizi hazitamgusa. Hapo dawa ni utaratibu: wateja waandikiwe kwenye mkataba kwamba akaunti ya benki haibadiliki kwa barua pepe, mpaka wapige namba iliyomo kwenye mkataba huohuo.

Nywila ya info@ inayojulikana na ofisi nzima, hadi wanafunzi waliokuja field, ifutwe leo. Kila mtu awe na akaunti yake na uthibitishaji wa hatua mbili, kuanzia mhariri mkuu, ambaye kwa uzoefu wangu ndiye mbishi kuliko wote. Misimbo itoke kwenye programu ya simu badala ya SMS, kwa sababu laini inaweza kuhamishwa bila mwenyewe kujua. Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Picha na video zisiishi kwenye flashi ya mpiga picha. Wekeni nakala tatu, moja nje ya ofisi.

Ndipo tuje kwenye kompyuta. Fungueni mlizonazo mpulize vumbi. Kiangazi cha Dodoma kinaziba feni mpaka mashine inajizima yenyewe. Badilisheni diski ya zamani kwa SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Kompyuta zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 nyingi zinapokea Windows 11. Zilizobaki wekeeni Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ziwe za kuandikia habari, na fedha ya mashine mpya iende kwa mhariri wa video.