Meno ya mtoto wa mbwa na mikono ya watoto

SWALI: Tuna mtoto wa mbwa wa wiki 10, tulimchukua akiwa na wiki 5. Akicheza na watoto anawang'ata viganja na kuvuta pindo za sare za shule mpaka zinachanika. Tukimpiga kofi puani ndiyo kwanza anazidi. Jirani anasema tumwache, eti tukimkanya hatakuwa mlinzi. Tufanyeje?
Msomaji, Nzuguni, Dodoma

JIBU: Mlimtoa kwa mama yake mapema. Angekaa hadi wiki ya 8, ndugu zake wangemfunza: anayeng'ata kwa nguvu huachwa peke yake. Sasa somo hilo mtalitoa nyinyi, kwa njia ileile. Jino likigusa ngozi au nguo, mchezo unakatika.

Mfungeni kwenye nguzo kwa kamba ya mita 2, mkiwapo muda wote. Mtu mzima acheze naye kwanza. Aking'ata, sema "basi" mara moja bila kufoka, inuka, toka nje ya urefu wa kamba, mpe mgongo, hesabu hadi 20. Kisha rudi. Akirudia mara ya tatu, mchezo wa kipindi hicho umekwisha. Dakika 5 hadi 10 kwa kipindi zinamtosha.

Mkono usiuchomoe kwa haraka, kwa sababu kinachokimbia hukimbizwa; ulegeze, kisha uondoe. Watoto wakipiga kelele na kukimbia, kwake hiyo ni sherehe. Wafundisheni kusimama wima kama mti, mikono kifuani. Kofi nalo analielewa ama kama mchezo mkali zaidi, ama kama onyo kwamba mikono ni ya kuogopwa, na mbwa mwoga huuma kweli.

Siku za mwanzo anaweza kung'ata zaidi, akijaribu kama mbinu ya zamani bado inafanya kazi. Wengi hukata tamaa hapo. Pia haisaidii kitu watoto wakifuata utaratibu mchana, halafu baba akacheza naye kwa vidole jioni.

Mpeni cha kung'ata: kitenge chakavu kilichosukwa mikia mitatu, urefu wa nusu mita, fundo kila ncha, ili meno yawe mbali na vidole. Msimpe ndala iliyokatika. Hawezi kuitofautisha na viatu vya kanisani. Kuanzia miezi 3 au 4 meno 28 ya utoto huanza kung'oka, na kufikia miezi 7 hivi 42 ya ukubwani huwa yameota. Fizi zikiwasha, lowesha kitambaa hicho, kigandishe kwenye friza, umpe.

Akichachamaa saa 12 jioni, mara nyingi ni usingizi. Umri huu hulala hata saa 18 kwa siku. Mwekeni mahali patulivu.

Kuhusu jirani: kubweka na kulinda huja mbwa anapokomaa. Anayeuma watoto wa nyumbani si mlinzi, ni hasara.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apate afikishapo miezi 3. Muulizeni daktari wa mifugo wa kata. Jino likichubua ngozi ya mtoto, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 (bomba likiwa kavu, mimina kwa jagi), kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.