Shangazi, nijidunge sindano hii?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43, ni dereva wa lori kati ya Malaba na Kampala, na nyumbani ni Tororo. Nimeoa upya na mke wangu anataka mtoto, lakini tangu mwaka jana nguvu za kiume zimepungua na uchovu hauniishi. Usiku naamka mara tatu kwenda haja ndogo, ila hiyo ni kwa sababu ya maji ninayokunywa, maana joto la kabini ni kali. Rafiki yangu wa jimu ameniuzia kichupa cha testosteroni, homoni ya kiume, akisema Wamarekani wamethibitisha kuwa haina madhara. Nimekificha chini ya kiti cha lori, kimefungwa katika gazeti. Je, nijidunge?"

Marahaba, mwanangu. Kiache kichupa hapo kilipo.

Nianze na mtoto. Korodani zina kazi mbili, kutoa testosteroni na kutengeneza mbegu, na zote mbili huamriwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo ikikuta damu imeshajaa homoni iliyoingia kwa sindano, huacha kutoa amri, na korodani nazo hulala. Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu, hata Shirika la Afya Duniani likaijaribu sindano ya namna hiyo kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume: katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 walidungwa miligramu 200 kila wiki, na ndani ya miezi sita 157 kati yao walikutwa hawana mbegu hata moja. Mbegu hurudi kwa wengi wakiacha, lakini huchukua miezi mingi. Kwa maneno mengine, rafiki yako amekuuzia dawa ya kuzuia mimba, nawe umeinunua ukitafuta mtoto.

Kuhusu Wamarekani, hakusema uongo mtupu. Alishika nusu ya habari. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika huko kwa wanaume zaidi ya 5,200 wenye umri wa miaka 45 hadi 80, ambao walikuwa na ugonjwa wa moyo au walikuwa katika hatari ya kuupata. Baadhi walipaka jeli ya testosteroni na wengine jeli isiyo na dawa, na waliotumia dawa hawakuzidi wenzao kwa mshtuko wa moyo wala kiharusi. Hata hivyo, moyo kudunda bila mpangilio, damu kuganda mapafuni na figo kudhurika ghafla vilionekana zaidi kwao. Tena, kabla ya kuanza, kila mmoja alikuwa amepimwa mara mbili na kukutwa na upungufu wa homoni, na madaktari walimfuatilia wakati wote. Wewe hujapimwa hata mara moja.

Sasa nirudi kwenye jambo ulilolipita mbio kuliko yote. Joto la kabini halimwamshi mtu saa nane usiku akiwa kitandani kwake Tororo. Kiu isiyokatika, mkojo wa mara kwa mara, uchovu na uume kukosa nguvu, vikija pamoja kwa mtu wa umri wako, mimi hufikiria kisukari kwanza, kwa kuwa sukari ikizidi huharibu mishipa ya damu na ya fahamu ambayo uume huitegemea ili usimame, na mara nyingi huandamana na testosteroni iliyoshuka. Kipimo chake ni tone la damu kidoleni. Kipimwe wiki hii, pamoja na presha.

Daktari akiona haja ya kupima homoni, damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi kabla hujala, na ikionekana ndogo irudiwe siku nyingine. Usiende ukitoka kukesha kwenye foleni ya malori mpakani: watafiti wa Chicago mwaka 2011 waliwalaza vijana 10 saa tano tu kila usiku kwa muda wa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wewe mwenyewe unajua unalala saa ngapi.

Omba pia kipimo cha mbegu, na mwende wawili, kwa sababu mke naye hupimwa. Najua kwa Waganda ssenga, yaani shangazi, huzungumza na binti na mwanamume huachiwa ajijue, lakini nusu ya barua zinazonifikia siku hizi ni za wanaume, na karibu zote zinaanza na kitu ambacho tayari kimeshanunuliwa. Kichupa chako nenda nacho, na gazeti lake, daktari asome kilichoandikwa ubavuni na akitupe yeye.