Kabla ya IPSAS na Programu Mpya, Anzeni na Benki

Msomaji aliye kwenye kikosi cha mageuzi ya fedha wizarani ameuliza: waanze na IPSAS, yaani viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, vya mfumo usio wa taslimu (unaoandika mapato na gharama zinapotokea, si fedha zinapolipwa), au waanze na kununua programu mpya ya malipo? Si hili wala lile. Waanze na akaunti za benki, kisha madeni ya wazabuni. Mengine yatasubiri, na yatakwenda vizuri zaidi kwa kusubiri.

Orodha ya akaunti za serikali msiiombe wizarani. Wizara zitawapa zile zinazozikumbuka, au zile zinazotaka zikumbukwe. Barua itoke Hazina iende benki kuu na kila benki ya biashara, ikidai jina la akaunti, namba, watia saini, salio na tarehe ya muamala wa mwisho. Majibu yakirudi, yalinganisheni na orodha ya Hazina. Akaunti inayoonekana benki lakini Hazina haiifahamu ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Zilizolala mwaka mzima zifungwe na salio liende Akaunti Jumuifu ya Hazina, ile moja inayokusanya fedha zote za serikali. Za makusanyo zibaki, ila fedha zihamishwe kila jioni hadi salio liwe sifuri. Za wafadhili zitawasumbua kwa sababu masharti yake yamo kwenye mikataba. Kama haziwezi kuhamishwa, basi angalau salio zake zionekane Hazina kila siku.

Halafu usuluhishi wa hesabu za benki, kazi ambayo hakuna waziri atakayekata utepe kwa ajili yake. Kosa linalojirudia ni kukusanya tofauti yote kati ya daftari la fedha na taarifa ya benki kwenye mstari mmoja, kuuita "tofauti za muda", na kuubeba mwezi hadi mwezi. Kila muamala usiolingana uandikwe peke yake: tarehe, kiasi, namba ya rejea, na jina la anayeufuatilia. Katika vigezo vya mwaka 2016 vya PEFA, mpango wa kimataifa wa kupima usimamizi wa fedha za umma, alama A inapatikana pale akaunti zote hai za serikali kuu zinaposuluhishwa walau kila wiki. Mkiweza kila mwezi bila kuruka, tayari mmepiga hatua.

Kwa mikono kazi hiyo haiwezekani pakiwa na maelfu ya malipo, kwa hiyo namba ya rejea ndiyo moyo wa jambo lote. Namba inayotolewa na mfumo lazima irudi kwenye taarifa ya benki kamili. Hapa ndipo wengi wanapokwama: kwenye faili ya MT940, muundo wa taarifa ya benki unaosomwa na kompyuta, sehemu ya rejea ya mteja ina nafasi ya herufi 16 tu. Namba yenu ikiwa na herufi 20, nne zitakatwa na kompyuta haitalinganisha kitu, isipokuwa benki iiweke namba nzima kwenye sehemu ya maelezo. Jaribuni hilo kwa malipo halisi kabla ya kusaini mkataba na benki.

Anayeona haya ni mambo madogo aikumbuke kashfa ya wizi wa fedha za serikali ya Malawi iliyofichuka mwaka 2013. Mfumo wa kielektroniki ulikuwepo. Malipo yalipitishwa humo, kisha kumbukumbu zake zikafutwa. Benki haifuti, na usuluhishi wa kila wiki ungeonyesha fedha zilizotoka bila kuwa na maingizo. Kwa hiyo ruhusa ya kufuta asipewe mtu yeyote, hata msimamizi wa kanzidata. Kosa lisahihishwe kwa ingizo la kinyume, na lile la awali libaki linaonekana.

Madeni ya wazabuni hayazaliwi kwenye malipo, yanazaliwa kwenye oda. Afisa anaandika LPO, yaani hati ya oda kwa mzabuni, kwa mkono mwezi wa tatu, mzabuni analeta mali, ankara inaingizwa kwenye mfumo fedha zikipatikana mwezi wa kumi. Kwa mtindo huo mfumo ni mashine ya kuchapa tu. LPO isiyotoka kwenye mfumo isitambuliwe, na wazabuni watangaziwe hivyo hadharani, maana wao ndio watakaoikataa. Tena ukomo wa ahadi za malipo zinazowekwa kwa oda hizo uwe fedha za robo mwaka ambazo Hazina imethibitisha, si bajeti ya mwaka mzima. Bajeti ni ruhusa. Haina fedha ndani yake. Hazina nayo ikitoa ukomo wa robo mwaka kisha ikatuma nusu yake, isimlaumu afisa masuuli. Malimbikizo yaandikwe kwa umri: siku 30, 60, 90 na zaidi. PEFA inatoa A kama hayazidi asilimia 2 ya matumizi yote katika angalau miaka miwili kati ya mitatu.

Programu? Pangeni kasma kwanza, yaani namba za kuainisha bajeti na hesabu. Fungu, chanzo cha fedha, mradi, kazi ya serikali na aina ya matumizi, kila kimoja kiwe na sehemu yake kwenye namba. Mkichanganya mradi na aina ya matumizi kwenye sehemu moja, baada ya miaka michache mtakuwa na maelfu ya kasma ambazo hakuna mhasibu anayezielewa.

Sasa tuje kwenye IPSAS. Kipo kiwango cha msingi wa taslimu, na hakuna aibu kukitumia vizuri kwa miaka kadhaa. Mkiamua kuhamia mfumo usio wa taslimu, IPSAS 33, kiwango cha wanaoanza kuhama, inawapa hadi miaka mitatu ya nafuu kwa baadhi ya mali na madeni, na nafuu hiyo haisubiri mtu. Mwaka wa kwanza ingizeni fedha, masurufu ambayo hayajarejeshwa, wadai na wadaiwa. Mwaka wa pili magari, kompyuta na majengo yenye hati. Ardhi na barabara ziwe za mwisho, barabara kwa gharama mbadala iliyopunguzwa uchakavu, yaani gharama ya kuzijenga upya leo ukiondoa uchakavu wake. Mthamini wa kukodiwa atawaachia jedwali zuri. Kabla hajaondoka, rejista iwe tayari mikononi mwa mtumishi mwenye wajibu wa kuandika kila gari lililonunuliwa au kuuzwa mwezi huo. Bila hivyo, mwaka unaofuata mkaguzi atalikuta jedwali lilelile na tarehe ileile, na hati yenye shaka itawahusu.