Mbona @Autowired inanipa null?

SWALI: Mambo kaka, klasi yangu ya HudumaMalipo kwenye Spring Boot (fremu ya Java) ina @Service (alama ya kuiambia Spring iiumbe yenyewe), repositori (ya kusoma hifadhidata) nimeiwekea @Autowired (Spring iijaze yenyewe), ila nikiiita napigwa NullPointerException (kosa la kutumia kitu ambacho ni null, yaani hakipo). Nakosea wapi?

JIBU: Poa mdogo wangu. Kuna mahali umeandika new HudumaMalipo() kwa mkono wako, nacheki tu hivi najua, sasa Spring inajaza vitu ilivyoviumba yenyewe, hicho umekizaa pembeni unategemea nani akivishe nguo? Futa hiyo new, kiombe kwenye konstrakta (sehemu inayoendeshwa kitu kikiumbwa) ya kontrola, ile klasi inayopokea maombi. Na repositori nayo ipitie konstrakta, iweke final (ikijazwa mara moja haibadilishwi), tangu Spring 4.3 ya 2016 konstrakta ikiwa moja tu hata @Autowired huandiki, na ukisahau kuijaza kompaila inapiga kelele mapema, sio null ya saa nane usiku kama yaliyonikuta mimi.