Pasteurella au Bordetella? Usiandike jibu baada ya saa 24 tu

SWALI: Maabara ya chuo chetu inafuga sungura na simbilisi wa majaribio katika chumba kimoja. Simbilisi wanakoroma na pua zinatoa usaha. Swabu (pamba za kuchukulia sampuli puani) zimeotesha bakteria wa vijiti vifupi, Gramu hasi (hawashiki rangi ya zambarau ya Gramu), oksidesi chanya (wana kimeng'enya cha oksidesi). Mwenzangu anasema ni Pasteurella, mimi nasema Bordetella. Nani yuko sahihi?
Fundi sanifu maabara, Mbeya

JIBU: Kwa vipimo hivyo hakuna aliyeshinda. Pasteurella multocida na Bordetella bronchiseptica zote ni Gramu hasi, na zote zina oksidesi. Ila kwa simbilisi wanaolala chumba kimoja na sungura, sisi tungeanza kuishuku Bordetella.

Pandikizeni kila swabu kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ya damu na ya MacConkey, nyuzi 37, na sahani zikae saa 48. Baada ya saa 24 Pasteurella imeshatapakaa, Bordetella bado ni vidoa vya ncha ya sindano, na hapo ndipo wengi hufunga daftari. Bordetella huota kwenye MacConkey bila kugeuka waridi. Pasteurella multocida haioti humo.

Kisha koloni (kidoa cha bakteria) moja safi, kutoka agari ya damu, iende kwenye agari ya urea. Bordetella huigeuza waridi kali, mara nyingi ndani ya saa 4. Pasteurella multocida haiigusi. Kipimo cha indoli, kemikali ambayo baadhi ya bakteria huitoa, ni kinyume chake: Pasteurella chanya, Bordetella hasi.

Urea ndiyo inayosumbua zaidi. Ikipita kwenye otoklevu (mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo) huvunjika na kutoa amonia, chupa zikawa waridi kabla hamjapandikiza kitu. Chujeni mmumunyo wa asilimia 40 kwa kichujio cha maikromita 0.2, muuongeze kwenye agari ikishapoa hadi nyuzi 50. Na otoklevu yenyewe: Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, ambako shinikizo la hewa ni dogo, kwa hiyo paundi 15 za geji ya shinikizo hazifikishi nyuzi 121 za kuua vijidudu. Fuateni kipimajoto, geji itasoma karibu 18.

Mkipima mwendo wa bakteria, tumieni nyuzi 25. Kwenye nyuzi 37 Bordetella hutulia, mkadhani haina mwendo.

(Kwa wenye panya: Rodentibacter pneumotropicus, iliyoitwa Pasteurella pneumotropica hadi 2017, huwa chanya kwa urea na kwa indoli pia.)

Msisubiri majibu kuwatenganisha sungura na simbilisi. Sungura hubeba Bordetella bila kuugua, simbilisi hufa kwa nimonia. Wala msiwachome simbilisi penisilini au ampisilini: huua bakteria wema wa utumbo, bakteria wabaya wa Clostridium wakashika nafasi, na mnyama akafa kwa utumbo kabla ya mapafu.