Mshahara wa Muuguzi Marekani na Ujerumani: Uliza Utalipwa Nini Usipofanya Kazi

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mwezi Septemba 2024, wauguzi wenzangu walioko nyumbani wamekuwa wakiniuliza ni wapi penye malipo bora, Ujerumani au Marekani. Nimeuguza wagonjwa katika nchi zote mbili, kwanza Ujerumani na baadaye Texas, na kwa upande wa mshahara mtupu jibu ni Marekani, wala hapana ubishi. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023 ziliweka mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa kwenye dola 86,000 hivi kwa mwaka, ilhali muuguzi wa Ujerumani mara nyingi hupata kati ya euro 3,000 na 4,000 kwa mwezi kabla ya makato. Asiye na mwenzi wala watoto hukatwa huko takriban theluthi moja kwa ajili ya kodi, bima ya afya na pensheni. Texas haitozi kabisa kodi ya mapato ya jimbo, ingawa ya serikali kuu iko palepale.

Hata hivyo, hesabu hiyo inahusu miezi ambayo uko kazini na mwili una nguvu. Mimi humshauri kila anayeniuliza atafute pia jibu la swali la pili: mwezi ambao hutaweza kufanya kazi, utalipwa nini?

Chukua ugonjwa. Ujerumani, ukishatimiza wiki nne kazini, mwajiri analazimika kukulipa mshahara kamili kwa muda wa hadi wiki sita unapougua, na baada ya hapo bima ya afya hukulipa sehemu ya mshahara. Siku hizo hazigusi likizo yako, ambayo kisheria haipungui wiki nne kwa mwaka. Na ukiugua ukiwa likizoni, ukapata cheti cha daktari, siku ulizougua hurudishwa kwenye hesabu yako. Marekani hakuna sheria ya serikali kuu inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa likizo yenye malipo. Katika hospitali niliyofanyia kazi, saa za mapumziko na za ugonjwa ziliwekwa katika fungu moja, nasi tulikuwa tukilikusanya kidogo kidogo kwa kila kipindi cha malipo. Mwenzangu mmoja aliyekuwa amelitumia fungu lote kwenda kumzika baba yake alikuja zamu ya usiku akiwa na homa, amevaa barakoa, akameza dawa za maumivu mbele yetu kisha akaenda kugawa dawa wodini. Hakuna aliyemshangaa.

Uzazi ndio unaopanua pengo hilo zaidi. Mama wa Ujerumani hupumzika wiki sita kabla ya kujifungua na nane baada yake huku akilipwa, na mzazi yeyote anaweza kukaa nje ya kazi hadi miaka mitatu bila kupoteza ajira. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 zisizo na malipo, tena kwa aliyetimiza mwaka mmoja kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. California na New York zina mipango yao ya malipo, lakini Texas haina.

Kuhusu kuachishwa kazi nitasema machache: Texas, kama karibu majimbo yote, mwajiri anaweza kukuondoa leo bila notisi, na bima ya afya iliyopitia kwake hukatika, isipokuwa uilipie yote mwenyewe.

Kwa haki, nikiri kwamba kazi yenyewe niliifurahia zaidi Marekani. Zamu tatu za saa 12 zilinipa siku nne za wiki ambazo ni zangu, saa zilizozidi 40 kwa wiki zililipwa mara moja na nusu, na nilitumia elimu yangu kumpima na kumtathmini mgonjwa, wakati Ujerumani sehemu kubwa ya zamu ilikwenda katika kuosha na kulisha. Kijana mwenye afya, asiye na watoto, anayetaka kujenga nyumbani haraka, sitamzuia kwenda Marekani. Mwenye watoto wadogo, au anayepanga kuzaa, nitamwelekeza Ujerumani bila kusita, mradi avumilie kujifunza Kijerumani na kulipwa kama msaidizi hadi cheti chake kitambuliwe.

Popote utakapochagua, kabla ya kutia saini mwombe wakala akuonyeshe kwa maandishi idadi ya siku za likizo, malipo ya siku za ugonjwa, kiasi utakacholipa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa, na fidia utakayodaiwa ukiacha kazi kabla ya muda. Kifungu cha fidia kisome mara mbili, hasa katika mikataba ya Marekani, kwa sababu kinaweza kukufunga kwa miaka kadhaa katika hospitali ambayo hukuichagua.