Maswali ya Wasomaji: Je, mbio za baiskeli zimepoteza mvuto Ulaya?

SWALI: Mhariri, nasoma mara kwa mara kwamba mbio za baiskeli za barabarani zinafifia katika nchi zilikokulia, yaani Ufaransa, Ubelgiji na Italia. Hata hivyo, kila Julai naona kwenye televisheni umati uliofurika kandokando ya barabara za milimani. Nishike lipi?

JIBU: Umati huo usikudanganye, ndugu msomaji. Tour de France, mbio za Julai za kuizunguka Ufaransa, haina kiingilio, hupita wakati wa likizo, na kabla wapanda baiskeli hawajafika hutangulia msafara wa magari ya matangazo yanayorusha kofia na peremende, ambazo watu wazima huzigombania pamoja na watoto. Wengi hufika kwa ajili ya sherehe hiyo, ndiyo maana imedumu ingawa hakuna Mfaransa aliyeshinda mbio za wanaume tangu Bernard Hinault mwaka 1985.

Ubelgiji sina wasiwasi nayo. Katika jimbo la Flanders, mbio za Ronde van Vlaanderen, zilizoanza mwaka 1913, bado ni kama sikukuu, ingawa tangu mwaka 2012 njia ilipobadilishwa ili mlima wa Oude Kwaremont, ambao barabara yake imetandazwa mawe, upandwe mara kadhaa, mahema ya wageni wanaolipa yameshika sehemu nzuri za kutazamia, jambo ambalo mashabiki wa zamani hawakulipenda, na mimi nawaunga mkono.

Penye tatizo hasa ni Italia. Giro d'Italia, mbio za kuizunguka nchi hiyo, ilianzishwa mwaka 1909 na gazeti la La Gazzetta dello Sport, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi iligawanyika kati ya mashabiki wa mpanda baiskeli Fausto Coppi na wale wa mpinzani wake Gino Bartali. Timu zililelewa na viwanda vya nyumbani: Faema walitengeneza mashine za kahawa, na Molteni, ambao jezi yao bingwa wa Ubelgiji Eddy Merckx aliivaa katika miaka yake ya ushindi mkubwa, walikuwa watengenezaji wa soseji. Gharama zilipopanda hadi kuhitaji mashirika makubwa ya kimataifa na fedha za serikali tajiri, wafadhili wa aina hiyo hawakuweza tena kumudu. Timu ya Lampre ilipoondoka mwishoni mwa mwaka 2016, nafasi yake ilichukuliwa na timu ya Umoja wa Falme za Kiarabu, na Italia ikabaki bila timu katika daraja la juu.

Mwaka huohuo wa 2016 Vincenzo Nibali alitwaa Giro, na hadi kufikia mbio za 2025 hakuna Mwitalia mwingine aliyeshinda mbio hizo upande wa wanaume. Kashfa za dawa za kusisimua misuli zilichangia kuwachosha watazamaji, lakini naona hofu ya magari ina uzito zaidi kwa mzazi anayefikiria kumruhusu mtoto wake aingie katika mchezo huu: Michele Scarponi, aliyetambuliwa baadaye kuwa mshindi wa Giro ya 2011, aligongwa na gari na kufariki akiwa mazoezini karibu na nyumbani kwake Aprili 2017.

Vipaji havijakauka. Filippo Ganna ni miongoni mwa mabingwa wa mbio dhidi ya saa, ambapo kila mmoja hukimbia peke yake na kupimwa muda, na Elisa Longo Borghini alitwaa Giro ya wanawake mwaka 2024 na 2025. Ila wote wawili wamepata mafanikio hayo wakiwa na timu za nje.